Sikuipaka Rangi Nyekundu

Wiki iliyopita niliwaacha nikiwa nimekaa juu ya rundo la kuni, mdomo umejaa damu, jino langu la mbele liko kiganjani. Kaka yangu alikuwa amenichapa na mpini wa shoka mbele ya wateja watatu na mbele ya shemeji.

Kosa langu mnalikumbuka. Niliwasha msumeno wa mnyororo bila ruhusa yake, nikakata tawi lisilonihusu, likaenda kupasua tangi la maji la watu.

Kwa aliyeanza kunisoma leo: mimi na kaka yangu tunakata miti ya watu. Miti iliyozeeka, miti iliyoegemea nyumba, miti iliyokufa ikiwa imesimama. Yeye anapanda na msumeno, mimi nabaki chini na kamba. Magogo tunayaleta uani, shemeji, yaani mke wa kaka, anayapasua kwa shoka, tunauza kuni. Miaka kumi na moja niko chini. Hata jina langu limepotea, kila mtu ananiita Wa Chini, mpaka watoto wa jirani.

Msumeno wenyewe aliuacha marehemu baba. Alisema ni wetu sisi wawili. Kaka alisikia "wetu," lile la "wawili" likampita.

Wapo wasomaji walionitumia ujumbe. Mmoja kaandika, "Wewe mwanamume mzima, unapigwa kama mtoto halafu unanyamaza?" Ndugu yangu, soma kwanza nilichofanya. Halafu nitumie ujumbe mwingine. Huo sitakuwa na la kuujibu.

Siku ya tatu baada ya jino, tulikuwa na kazi kwa mwalimu mmoja mstaafu. Mzee mpole, anaishi peke yake, miwani imefungwa kwa uzi. Alikuwa na mkaratusi mkubwa nyuma ya nyumba, na tawi lake moja, nene kuliko kiuno changu, lilikuwa limelala juu ya paa la chumba cha nyuma. Upepo ukivuma lilikuwa linakwaruza mabati.

Nilitangulia mimi na vifaa. Kaka alikuwa nyuma, anajaza mafuta ya msumeno.

"Kijana," mwalimu akaniambia, "tawi lile niliwatundikia wanangu bembea. Zamani, kabla sijajenga hiki chumba. Nilipigilia ndoano mbili za chuma, kwa mkono wangu. Siku hizi sizioni tena."

"Mti umezimeza, mwalimu. Nitazitafuta."

"Umwambie na kaka yako."

"Nitamwambia."

Hapo naomba mnielewe vizuri, maana hapa ndipo kila kitu kilipoharibikia.

Kazi yetu ina sheria moja aliyotuachia baba, na haina mjadala. Kabla msumeno haujawashwa, mtu wa chini anaweka ngazi na kukagua mti. Watu wanapigilia misumari, wanafunga waya za kuanikia nguo, wanasahau. Mti unakua, unafunika chuma. Lakini ukiwa na macho utaona. Gome linavimba kama kitovu, na majimaji meusi yanachuruzika chini yake. Sisi tunasema mti unalia wanja. Ukiona wanja, unazungushia duara la rangi nyekundu. Wa juu hakagui tena. Yeye anatazama rangi tu. Pasipo na nyekundu, anakata.

Kaka alinipiga, alinitukana, alininyima msumeno wa baba. Lakini rangi yangu hakuwahi kuitilia shaka hata siku moja.

Basi akafika. Akanikuta naongea na mwalimu.

"Mwalimu, huyu asikuchoshe," akasema. "Huyu kazi yake kushika kamba. Na leo haruhusiwi kugusa chochote chenye mnyororo. Hata baiskeli."

Mwalimu alicheka kidogo, kwa adabu tu, kama mtu anayecheka asiharibu mambo. Mimi nikacheka pia ili yaishe.

"Funga mdomo," kaka akaniambia. "Upepo utakuingia."

Nikachukua kopo la rangi na brashi, nikapanda ngazi.

Ndoano ya kwanza niliiona mara moja. Kitovu kile pale, upande wa juu wa tawi, karibu na panda, na wanja umechuruzika shibri nzima. Ya pili niliitafuta sikuiona. Nikajiambia nitarudi kuitafuta baada ya kupaka hii. Nikachovya brashi.

"We pengo!" kaka akapiga kelele kutoka chini. "Unapaka mti au unajipaka midomo?"

Kulikuwa na wanawake wawili wanapita njiani na ndoo zao. Wakaangua kicheko. Mmoja akasema, "Maskini, mbona ni kijana mzuri, mwacheni ajipake!" Wakacheka mpaka wakatua ndoo.

Ulimi wangu ukaenda wenyewe kwenye lile pengo, ukakuta nyama ikiwa bado mbichi. Nikairudisha brashi kwenye kopo. Nikashuka.

"Vipi, kuna kitu?"

"Hakuna."

"Safi. Nipe kamba."

Nilimwambia hakuna. Neno moja. Wasomaji, sikutaka afe. Naapa kwa kaburi la baba yangu, nilitaka mnyororo ukatike. Nilitaka ukatike mbele ya mwalimu, ashuke na uso umemshuka, na yeye achekwe siku moja tu na watu wa njiani. Nilimfunga mkanda kiunoni kwa mikono yangu, nikavuta fundo mara mbili kuhakikisha limekaza, na wakati wote huo nilikuwa najua.

Akapanda. Kamba yake ilipita kwenye panda ya juu, ikashuka kwangu, nikaizungusha mara mbili kwenye shina, ili mti ubebe uzito wake akianguka, na kuishika. Akasimama kwenye panda ya chini, akawasha msumeno.

Tawi lilianza kutoa unga mweupe. Robo. Theluthi. Karibu nusu. Nikaanza kufikiri labda nimekosea, labda lile halikuwa wanja.

Mara ukatoka mlio ambao siwezi kuuandika. Chuma kwa chuma. Cheche zikaruka mchana kweupe, na msumeno ukaruka kinyume, ukamrudia.

Mnyororo haukukatika. Uliingia begani kwake, upande wa kushoto, ukashuka mpaka chini ya kwapa, unazunguka.

Alipiga ukelele mmoja, halafu msumeno ukazima na yeye akazima. Akatoka kwenye panda. Kamba ikanivuta mpaka uso wangu ukagonga shina la mti, lakini sikuiachia. Kaka akawa ananing'inia juu yangu, kichwa chini, mkono umeshikiliwa na nyama tu na shati. Damu ikanimwagikia kichwani, ya moto, ikaniingia machoni. Nilikuwa namshusha sioni kitu.

"Mungu wangu! Mungu wangu!" mwalimu akawa analia. Alivua shati lake, akabaki na fulana, akalikunja na kulisokomeza kwenye lile jeraha kwa mikono miwili. Mikono ya mzee ilizama mpaka kwenye vifundo. Hakuiondoa mpaka hospitali. Alikaa nyuma ya pikapu yetu, juu ya matawi ya kazi iliyotangulia, akimkandamiza kaka yangu na kumsemesha njia nzima, "Kaa na mimi, mwanangu, kaa na mimi."

Nilikuwa naendesha na kutapika kupitia dirishani.

Daktari alitoka baada ya muda wa saa nne. Alisema ataishi. Mkono wameurudisha, lakini hautanyanyuka tena. Mkataji miti asiyeweza kunyanyua mkono wa kushoto, hata mtoto anajua maana yake.

Shemeji alisikiliza akiwa amesimama. Ni mwanamke mfupi mwenye mabega kama ya mpiga makasia, siku nzima shoka mkononi. Sikumwona akilia. Aliniuliza tu.

"Nani alikagua?"

"Mimi, shemeji."

"Uliona kitu?"

"Sikuona."

Akanitazama uso uliokauka damu ya mumewe, akanifuta kwa upande wa kanga yake. Akasema, "Pole, shemeji yangu. Umemshusha salama."

Nilitamani anipige.

Kesho yake asubuhi kaka aliamka. Uso umekuwa wa kijivu, midomo imepasuka. Tulikuwa watatu pale kitandani: mimi, shemeji, na kaka mkubwa wa shemeji, mpakiaji wa mizigo sokoni, mtu anayebeba magunia mawili kwa pamoja.

"Kilikuwa nini?" kaka akauliza.

"Chuma," nikasema. "Ndani ya mti."

"Ulikagua?"

"Nilikagua."

"Na hakikuonekana."

Nikamrekebishia shuka. Yeye akajibu kwa niaba yangu. "Basi hakikuonekana. Huyu namjua. Huyu ana macho ya mwewe, msumari wa picha anauona. Kama yeye hakukiona, hakuna ambaye angekiona." Akapumua kwa shida. "Ila mwenye mti alijua. Mtu hapigilii chuma kwenye mti wake akasahau. Yule mzee alijua na akanyamaza."

Mpakiaji akasimama. Hakuaga.

"Unakwenda wapi?" nikamuuliza.

"Kumsalimia mwalimu."

Nikamtazama shemeji, nikitegemea atamzuia ndugu yake. Shemeji alikuwa anafunga kanga kiunoni. "Nitakuwepo," akasema. "Na wewe shemeji utatupeleka. Nyumba unaijua wewe."

Njiani tukampitia mdogo wao, wanamwita Bondia ingawa ulingo hajawahi hata kuukanyaga. Alipanda nyuma ya pikapu pamoja na Mpakiaji, kati ya kamba zetu na ule msumeno, bado una damu. Hakuna aliyeuosha. Shemeji alikaa mbele na mimi, shoka lake amelilaza mapajani.

Nilikuwa na dakika ishirini za kusema. Nilifungua mdomo mara tatu. Mara ya tatu shemeji akaniuliza, "Unasemaje?" Nikasema, "Joto."

Mwalimu alikuwa nyuma ya nyumba, anamwaga mchanga juu ya damu. Tawi lilikuwa juu yake vilevile tulivyoliacha, limechanika nusu, linaning'inia juu ya mabati na kulia kila upepo ulipovuma.

Alipotuona, uso wake ulifurahi. "Anaendeleaje? Jana usiku sikulala, nilikuwa..."

Mpakiaji alimpiga kofi la sikio. Miwani ikaruka ikagonga ukuta.

"Kwa nini hukusema?"

"Nini? Sikusema nini?"

Bondia akamtia ngumi ya tumbo. Mzee akajikunja, akakaa kwenye ule mchanga. Bondia akamwinua kwa kola, akampiga tena, ya mdomo. Nilisikia kitu kikivunjika.

"Chuma! Kwenye mti wako! Mkono wa shemeji yetu umekufa!"

"Nilisema!" mwalimu akalia, damu inamtoka na mate. "Nilisema! Ndoano za bembea! Nilimwambia kijana! Nilimwambia yule wa chini!"

Kila kitu kikasimama. Mpakiaji akageuka. Bondia akageuka, mzee bado ananing'inia mkononi mwake. Shemeji naye akageuka, taratibu kuliko wote.

"Shemeji," akasema. "Alikwambia?"

Sasa hapa, wasomaji wangu, ndipo ninapoona aibu kuliko kote. Lile la kwanza nilifanya kwa hasira, na hasira inaweza kueleweka. Hili la pili sikuwa na hasira na mtu. Nilikuwa na woga tu. Nilimtazama mzee aliyevua shati lake akazuia damu ya kaka yangu kwa mikono yake, nikamtazama machoni, nikasema.

"Hakuniambia kitu."

Mwalimu alinitazama tu, macho bila miwani, anajitahidi kuniona vizuri, kama aliyedhani labda amekosea mtu.

Shemeji akasema, "Mzee mwongo."

Wakaanza upya, na safari hii hawakuuliza maswali. Mpakiaji alimkanyaga mkono wa kushoto, ule ule aliokatwa kaka, akauzungushia kisigino. Mzee alipiga yowe mpaka mbwa wa mtaa wa pili wakaitikia. Bondia akampiga teke la mbavu, halafu jingine, halafu akarudi hatua mbili nyuma kulitafuta zuri zaidi. Mwalimu alijikunja mikono kichwani. Alikuwa anahesabu kitu kwa sauti ndogo, au anaomba, sikusikia.

Shemeji akamsogeza Bondia kwa bega. Alikuwa ameshika shoka kwa mikono miwili.

"Mwekeni mkono wake juu ya lile gogo," akasema. "Mume wangu kapoteza wake."

Mpakiaji akasita. "Dada, tumpige tu, inatosha."

"Nimesema mwekeni."

Wakamburuta. Gogo lilikuwa pale pale, ndilo kiti cha mwalimu cha nyuma ya nyumba. Bondia akamkalia mzee mgongoni, Mpakiaji akamvuta mkono na kuulaza juu ya mti. Mkono mwembamba, vidole vimejaa madoa ya uzee. Shemeji akatanua miguu kama anavyotanua anapopasua kuni. Nimemwona akipasua magogo elfu. Huwa hakosei.

Akanyanyua.

"Nilikiona mimi!"

Hata sikujua kwamba ni mimi niliyepiga kelele. Nilikuwa nimeshafika, nimeudaka mpini wa shoka hewani, na shemeji alikuwa na nguvu kuliko mimi. Tukayumba wote wawili, tukaanguka juu ya mzee. Shoka likapita kwenye paja langu, likachana suruali na nyama ya juu. Sikusikia maumivu wakati ule.

"Nilikiona!" nikasema tena, nikiwa chini. "Mwalimu aliniambia. Ndoano mbili. Nikapanda ngazi nikaiona moja, inalia wanja, nyeusi tii. Nilikuwa na rangi mkononi. Sikuipaka. Kaka aliponiuliza nikasema hakuna. Mwacheni mzee. Mwacheni, jamani, ni mimi!"

Bondia aliondoka mgongoni mwa mzee kama mtu aliyekalia kaa la moto. Mpakiaji aliuachia ule mkono, akajifuta kiganja chake kwenye suruali, mara mbili, mara tatu.

Kisha akanifuata mimi. Teke la kwanza lilinikuta kwenye taya, na nikajua meno mengine mawili yamekwenda. La pili lilinikuta mbavuni. Sikujikinga. Nilikuwa nimelala nasubiri la tatu, na nawaambieni ukweli, lilikuwa linanipa nafuu.

"Basi," shemeji akasema.

Alikuwa ameketi kwenye mchanga, kanga imemfunguka, shoka liko pembeni. Aliutazama ule mkono wa mzee ambao alikuwa karibu kuukata, akauchukua, akauweka taratibu kwenye kifua cha mwenyewe. "Mwalimu, nisamehe," akasema. "Nisamehe, baba yangu." Mzee alikuwa anakohoa.

Halafu akatoa simu.

"Shemeji, tafadhali," nikasema. "Nitamwambia mwenyewe. Akipata nafuu nitamwambia."

"Miaka kumi na moja anakata kwa kuamini macho yako," akasema. "Anasikia leo."

Simu iliita muda mrefu. Akapokea muuguzi, akamwekea sikioni. Shemeji akaifungulia sauti, akamweleza. Hakuongeza wala hakupunguza, aliyasema maneno yangu kama nilivyoyasema. Alipomaliza tukawa tunasikia mashine za hospitali zikilia upande wa pili, na kaka akipumua.

"Mpe," kaka akasema.

Akaniwekea simu karibu na mdomo.

"Bwana mdogo."

"Kaka."

"Nina swali moja. Ulikiona kabla sijapanda, au nilikuwa nimeshapanda?"

Nilielewa anachonipa. Nikisema alikuwa ameshapanda, msumeno unanguruma, sauti yangu haikumfikia, basi ni bahati mbaya. Nitakuwa mjinga, mzembe, lakini nitakuwa bado mdogo wake. Alikuwa amenifungulia mlango, na mkono wake ule mmoja uliobaki ndio ulioufungua. Wote wanne walikuwa wananitazama. Wangeniunga mkono hata kama ningedanganya, maana na wao walitaka iwe hivyo.

"Kabla," nikasema. "Nilikufunga mkanda nikijua."

Niliposikia sauti nilidhani anakohoa. Alikuwa analia. Sijawahi kumsikia kaka yangu akilia, hata siku tuliyomzika baba.

"Mpe mke wangu simu," akasema. "Na azime hiyo sauti."

Shemeji akaizima, akaweka sikioni, akatugeuzia mgongo. Tulisikia upande wake tu.

"Ndiyo... Ndiyo, umo kwenye pikapu... Hapana, halijaanguka, linaning'inia... Sasa hivi?... Mume wangu, sikiliza..." Akasikiliza, huku akifunga kanga yake kwa mkono mmoja. "Nimekuelewa."

Akarudi. Alikuwa ameshafunga kanga yake vizuri.

"Anasema kazi ya mwalimu haijaisha," akaniambia. "Tawi linaweza kumwangukia chumbani. Anasema wewe ndiye utakayelimaliza. Leo, sasa hivi, na msumeno wa baba yenu."

"Shemeji, ndoano ya pili sijui iko wapi. Nilitafuta sikuiona."

"Nimemwambia."

"Acha basi nikague tena. Niwekeeni ngazi, dakika kumi tu."

"Hakuna kukagua. Amesema upande kama alivyopanda yeye."

"Msimfanyie hivyo!" Ilikuwa sauti ya mwalimu. Alikuwa amejiinua kwenye kiwiko, uso umevimba, jicho moja limeziba. "Mimi ndiye niliyepigwa, na mimi nasema msimfanyie hivyo. Tawi liache lianguke. Chumba nitajenga kingine."

Hakuna aliyemsikiliza. Bondia alikuwa ameshateremsha msumeno, akauweka miguuni kwangu. Mpakiaji akarusha kamba ikapita kwenye panda ya juu, ikashuka upande wa pili. Akanivisha mkanda wa kaka. Ulikuwa bado umekakamaa kwa damu, ikabidi aukunje kwenye goti kwanza ndipo ukanizunguka kiuno.

Ningeweza kukimbia. Paja lilikuwa linavuja, lakini miguu ilikuwepo, na lango lilikuwa wazi. Msinipe sifa kwa kutokukimbia. Sikuwa na mahali pa kwenda ambako nisingekuwa mimi.

Nikauokota msumeno. Ulikuwa mzito kuliko nilivyoukumbuka. Nikaanza kupanda, tumbo limebana kwenye shina, damu ya paja inaacha mstari kwenye gome. Nilipofika kwenye panda nikasimama pale alipokuwa amesimama yeye. Mkato wake ulikuwa mbele yangu, umetoka utomvu, na ndani yake niliiona ile ndoano ya kwanza, imeng'aa pale mnyororo ulipoipiga. Ya pili ilikuwa ndani ya ule mti, hatua moja kutoka hapo, au nusu hatua, au pale pale ambapo ningeweka meno ya msumeno.

Nikatazama chini. Kamba yangu ilikuwa inaning'inia huru. Bondia na Mpakiaji walikuwa wamerudi nyuma mpaka ukutani, kila mmoja anaangalia pembeni.

"Nani ananishikia kamba?" nikauliza.

Shemeji alikuwa anavaa glavu zangu za kushikia kamba. Alivaa ya kulia, akavaa ya kushoto, akaiokota kamba kwenye mchanga. Hakuizungusha kwenye shina.

"Mimi," akasema. "Washa."